Mugisho Dobi na Pumzi za Sajini

Nikisema nimewahi kuona mbwa anapigiwa saluti na watoto wa mtaa mzima, mtasema Mbambu ameanza. Semeni. Waliokuwepo Kasubi mwaka ule wa sabini na nne wanajua, ingawa wengi wao hawawezi tena kuja kunitolea ushahidi.

Lakini habari hii si ya mbwa. Ni ya Anselme Mugisho, dobi, mtu wa Bukavu, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Alikuwa mrefu, mwembamba, shingo kama ya korongo, na mashavu mawili yaliyolegea kama mifuko mitupu. Mashavu hayo ndiyo yalikuwa chombo chake cha kazi. Kabla ya kupiga nguo pasi alijaza maji kinywani kikombe kizima bila kumeza, halafu akayapuliza juu ya shati, fuuu, yakatua kama umande. Hakuna tone lililokuwa kubwa kuliko mwenzake. Kisha pasi ya makaa inapita, harufu ya wanga inapanda, kola inasimama wima. Kwa kola ya Mugisho niliwahi kukata nanasi. Msicheke, nanasi lilikatika.

Ukimkuta kazini hakujibu salamu, maana kinywa kimejaa. Alikuitikia kwa nyusi. Na miaka ile ya utawala wa askari, mtu ambaye kinywa chake kimejaa maji kutwa nzima alikuwa mtu wa bahati. Sisi wenye vinywa vikavu ndio tulioponzwa navyo, au tukawaponza wenzetu.

Kosa langu nilitaje mapema, nisije nikaonekana mwema.

Mimi nilikuwa nauza kabalagala pale Wandegeya, zile keki za ndizi mbivu na unga wa muhogo. Keki haijiuzi; inauzwa na hadithi. Siku moja wateja walikuwa wachache, nikawaambia wawili watatu waliosimama kwamba jirani yangu Mugisho alikuwa mpishi wa Mbelgiji huko Bukavu, na mbwa wa yule Mbelgiji walikuwa hawali mpaka Mugisho awasomee sala kwa Kifaransa, na mmoja wao alikuwa akiitikia amina. Ukweli ni kwamba Mugisho alifagia ua wa Mbelgiji miezi mitatu, na mbwa wa pale alimng'ata kalio. Kovu alikuwa nalo. Lakini kovu la kalio haliuzi keki. Mteja mmoja kati ya wale alikuwa askari asiyevaa sare. Alicheka sana, akanunua keki kumi, akaondoka na hadithi yangu.

Wiki haikuisha, jeep ikasimama mbele ya vyumba vyetu.

Gari la mtu wa kawaida likisimama, watoto hulikimbilia. Jeep ikisimama siku zile, watoto walipotea, kuku walipotea, hata kivuli cha nyumba kilijikunja. Mimi nilikuwa nasugua sufuria. Nikaendelea kuisugua mpaka ikabaki nyembamba kama karatasi. Mugisho alikuwa na maji kinywani. Hakuyapuliza wala hakuyameza.

Akateremka Kapteni Asuman. Sare zake Mugisho alizijua kifungo kwa kifungo, ila uso wake hakuwahi kuuona, maana zililetwa na askari. Siku hiyo askari huyo alikuwa nyuma yake, amebeba kikapu, na ndani ya kikapu kitu kinakoroma.

"Wewe ndiyo dobi? Mkongomani?"

Mugisho akaitikia kwa nyusi.

"Jibu, wewe! Iko bubu?"

Maji yote yakashuka tumboni, gudu! "Ndiyo, afande. Samahani, afande."

"Nasikia wewe najua kusema na mbwa. Kwa Kifaransa."

Mugisho akanigeukia mimi. Mimi nikaiangalia sufuria.

Askari akatua kikapu, akafunua kitambaa. Jamani! Masikio ya popo. Macho yamemtoka kama mtu aliyetajiwa bei ya sukari. Uso umekunjamana, na pua hakuna: mahali pa pua pamebonyea ndani, kama vile alikimbia akagonga mlango uliofungwa. Kifua cha bondia, miguu mifupi, mkia umeisha kabla ya kuanza. Na kila pumzi inakwaruza, hrrr, hrrr, kama msumeno kwenye mti mbichi.

"Hii mbwa iko buldogi ya Kifaransa," Kapteni akasema. "Bwana moja ya ubalozi alirudi kwao, akaniachia, leo siku nne. Jina yake mimi nimeita Sajini. Nasema kaa, haikai. Nasema kuja, haikuji. Naangalia mimi tu kama jinga. Kiswahili haisikii, Kiingereza haisikii. Sasa, bado wiki nne iko maonyesho ya mbwa. Wazungu yote nakuja, na mkubwa yangu nakuja. Sajini lazima nashinda. Sema naye!"

Kifaransa chote cha Mugisho kilikuwa cha kufagilia ua: njoo, toka, haraka, mjinga wewe. Akatafuta humo, akaliona neno moja ambalo Mbelgiji alikuwa akiwaambia mbwa wake. "Asii!"

Mbwa akakaa.

Nawaambia kweli, niliogopa kuliko nilivyoiogopa jeep. Hadithi yangu mwenyewe ilikuwa imeketi pale chini, inanitazama.

Kapteni alipiga paja lake kwa furaha. Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, ina mihuri miwili na mistari mingi. "Hii ndiyo karatasi yake. Soma."

Mugisho akaishika. Angesema hajui kusoma Kifaransa, mambo yangeishia hapo. Lakini mbwa amekaa, Kapteni anatabasamu, na ni nani mwenye roho ya kukiondoa kicheko usoni mwa mtu mwenye bastola? "Imeandikwa, afande… imeandikwa huyu mbwa ni wa ukoo mkubwa. Baba yake alishinda Paris."

"Na yeye?"

"Na yeye pia."

"Nilijua!" Kapteni akarudi kwenye jeep, kisha akageuka. "Maonyesho iko gwaride. Kila siku saa sita, jua kali, wewe nafanyisha yeye gwaride, apate nguvu. Nyama mimi naleta. Mbwa ya kapteni haiwezi kukonda, watu watasema mimi sina kitu. Akishinda, wewe iko rafiki yangu. Akifa…" Aliitazama kamba ya nguo, mashati yaliyokuwa yananing'inia mikono chini. "Wewe nafuata yeye."

Jeep ikaondoka. Watoto wakarudi, kuku wakarudi. Mugisho akaja mpaka kwenye sufuria yangu.

"Mama Mbambu, nani alimwambia?"

"Dunia ina midomo mingi, Papa Anselme."

"Na mmoja unauza keki."

Julienne, mkewe, alikuwa amesimama mlangoni na rozari. Siku hiyo hakunisalimu, na kesho yake hakunisalimu.

Kesho yake saa sita Mugisho alimtoa Sajini uani kwenye gwaride. Akapiga hatua kumi, mbwa naye kumi. Walipofika ishirini msumeno ulibadilika sauti, ukawa kama mtu anayekunywa uji kupitia ungo. Mate yakatoka mapovu. Walipofika thelathini mbwa akalala ubavu, ulimi nje, na ulimi ule rangi yake ilikuwa ya zambarau iliyoiva.

Julienne akapiga yowe. Mimi nilikimbia nikiwa na unga mikononi. Mugisho alisimama kama mti. Halafu sijui nani alimwambia, labda mashavu yake yenyewe: akashika kikombe cha pasi, akajaza kinywa, akapiga magoti, akampulizia mbwa. Fuuu. Tumbo. Fuuu. Masikio. Fuuu. Makwapa. Julienne akaloweka shuka ya mteja, wakamfunika. Alipuliza vikombe arobaini, nilihesabu, na yale matone yalikuwa madogo hata upinde wa mvua ukatokea pale uani, wenye rangi zote, ukapita juu ya choo. Mbwa akavuta pumzi. Akakohoa. Akafumbua jicho moja, akamtazama Mugisho kama mtu anayemkumbuka mdeni wake.

Tulimbeba kwenye toroli la mkaa, tumemfunika gunia, tukaenda naye Wandegeya kwa Daktari Cleopas. Huyu alikuwa daktari wa ng'ombe, mkimbizi kutoka Rwanda, aliyesomeshwa na mapadri kwa Kifaransa. Alifunga mlango kwanza, ndipo akafunua gunia.

"Mbwa wa nani huyu?"

Mugisho akamtajia.

"Basi sijamwona," Cleopas akasema, akachukua kipimo chake cha kusikilizia. "Sijamwona kabisa. Geuza upande huu."

Alimsikiliza kifua, akamfunua midomo, akaingiza kidole kati ya mikunjo ya uso. Kidole kikatoka na uchafu unaonuka kama jibini la juzi. Akatazama pua kwa tochi. "Haya unayaita matundu? Matundu ya kifungo ni makubwa kuliko haya. Huyu anapumua kwa kuiba. Na huko ndani kooni nyama imezidi, ndiyo inayokoroma. Jasho hana njia ya kulitoa, joto lake linatoka kwa ulimi tu. Ukimtembeza saa sita umemuua."

Akamtundika kwenye mizani ya kupimia magunia ya kahawa. Mbwa akazunguka pale hewani, anawatazama watu kwa dharau.

"Kilo kumi na saba! Asizidi kumi na tatu. Mafuta yanambana pumzi. Nyama basi. Wali kidogo, mboga, kipande kidogo cha samaki. Mikunjo umfute kwa kitambaa kikavu asubuhi na jioni. Asiruke, mgongo wake ni dhaifu." Kisha akamgeuza chali, akasogeza tochi. "Mugisho. Hukuona kwamba amehasiwa?"

"Niliona kuna pengo," Mugisho akasema taratibu. "Nikadhani ndivyo Wafaransa walivyo."

Mimi nilicheka mpaka nikakaa juu ya gunia. Cleopas hakucheka. Akaomba karatasi, akaisoma mara moja, akaisoma mara ya pili.

"Nani alikwambia kuhusu Paris?"

"Mimi mwenyewe."

"Hii ni barua ya daktari wa kwao. Inasema: mbwa huyu amehasiwa, kwa hiyo haruhusiwi kuingia mashindano. Matundu ya pua ni membamba. Asikimbizwe, asiwekwe juani. Akae nyumbani kwa utulivu siku zake zote. Basi. Hakuna Paris. Nenda kamwambie Kapteni."

"Kwa kinywa kipi, daktari? Kile kile kilichosema Paris?"

Cleopas akaikunja karatasi, akamrudishia. Akafungua mlango, akatazama barabara pande zote, akatusukuma nje na toroli letu.

Wiki nne zile sikumwona Mugisho akikaa kitako. Alfajiri, kabla jua halijaamka, alimtembeza Sajini hatua mia, anasimama kila hatua kumi kusikiliza kifua. Asubuhi kufuta mikunjo. Saa nne kupuliza. Saa sita ndiyo ilikuwa kazi: mbwa amelala chini ya meza ya pasi, kafunikwa shuka mbichi, anakoroma mpaka nyanya zinadondoka zenyewe kutoka kapuni mwangu; na Mugisho peke yake yuko uani, juani, anapiga gwaride. Mguu juu, mguu chini, anaamrisha kwa sauti ili barabara isikie: "Avansee! Asii! Vitee!" Akisema asii anachuchumaa yeye mwenyewe. Watu wakipita nyuma ya ua walisikia amri na kishindo cha miguu, wakasema mbwa wa Kapteni ana bidii. Watoto wakaanza kumpigia saluti Sajini akitolewa jioni. Mbwa hakurudisha saluti hata moja. Cheo kilikuwa kimeshamwingia.

Na nyama? Kila Jumatatu askari alileta paja zima la ng'ombe, wakati ambapo sisi nyama tuliijua kwa harufu ya jirani. Mbwa haruhusiwi kuila. Kuitupa ni dhambi. Basi Julienne akanisalimu tena, maana peke yao wasingeimaliza. Mbwa akapungua, sisi tukanenepa. Mashavu ya Mugisho tu hayakujaa. Alikuwa anatafuna anasikiliza barabara. Pikipiki ikipita, anaacha kutafuna.

Wiki ya nne Kapteni alikuja ghafla, sisi tunalamba vidole.

Alimzunguka Sajini. "Mbona hii imepungua?"

"Mazoezi, afande," Mugisho akasema. "Mafuta yametoka. Sasa amekauka kama komando."

"Komando." Neno lilimpendeza. Halafu akatutazama sisi, mmoja mmoja, midomo inang'aa. "Na nyinyi? Mbona nyinyi iko nanenepa?"

Mbwa peke yake anapumua.

"Ni furaha, afande," nikasema mimi. "Kukaa na mbwa mwenye cheo si jambo dogo. Hata choo chetu sasa kinanukia."

Askari wake akageuza uso upande wa jeep, mabega yanamtikisika. Kapteni alinitazama muda mrefu, mpaka nikaanza kuwakumbuka marehemu wangu wote kwa majina. Kisha akasema, "Jumapili. Saa tano," akapanda.

Jumapili ile niliwatangulia na beseni la keki, nikakaa nje ya seng'enge ya kiwanja cha klabu palipofanyika maonyesho, mahali ninapoona na kusikia. Ndani kulikuwa na wazungu wachache waliobaki, kila mmoja na mbwa wake wa kuchanwa nywele, na mwamuzi, mzee mmoja mwembamba aliyeletwa kutoka Nairobi. Upande wa kivuli, hatua chache kutoka nilipokaa, kulikuwa na viti vya maofisa. Kapteni Asuman alikuwa amekaa karibu na mkubwa wake, kola wima, nanasi lingekatika.

Upande wa jua ndio uliokuwa na foleni ya mbwa.

Mugisho alisimama wa kumi na mbili. Shati jeupe, chupa ya maji mkononi, Sajini mguuni. Foleni haisogei. Mwamuzi anamfungua kila mbwa mdomo, anamshika mgongo, anamtembeza kwenda na kurudi, hana haraka, Jumapili ni yake. Mugisho anapuliza. Fuuu. Mzungu aliyekuwa mbele yake akageuka, matone yamempata shingoni, akasogea. Mugisho anapuliza tena. Chupa ikafika nusu. Jua likapanda. Nikausikia ule msumeno ukibadilika, mimi niliye nje ya seng'enge nikausikia, na nikajua na yeye amesikia, maana shingo yake ilinyooka.

Mbele yake wamebaki mbwa watano. Chupa imeisha.

Akatazama ulimi wa mbwa. Akatazama viti vya maofisa. Ningeweza kusema hapa kwamba radi ilipiga, au kwamba mimi niliruka seng'enge kama swala nikamwokoa. Sikuruka. Nilishika beseni langu kwa mikono miwili.

Mugisho aliinama, akambeba Sajini kifuani kama mtoto, akatoka kwenye foleni. Akavuka kiwanja chote, katikati, macho ya watu wote yakimfuata, akaenda moja kwa moja mpaka kivulini, mbele ya Kapteni.

"Nini?" Kapteni akasema kwa sauti ndogo, ile sauti ndogo ambayo ni mbaya kuliko kelele. "Rudi kwa laini."

"Afande, naomba ruhusa kusema."

"Rudi."

"Afande, Sajini amestaafu."

Mkubwa wa Kapteni akageuka kwenye kiti.

Mugisho akatoa karatasi mfukoni kwa mkono mmoja, mbwa kwenye mkono mwingine, akaifungua. Mistari ile Cleopas, ingawa alitufukuza, alikuwa amemfundisha kwa siri usiku baada ya usiku, akawa anaijua kama Baba Yetu. Akaisoma kwa Kifaransa, yote, bila kukwama. Kisha akasema kwa Kiswahili: "Imeandikwa, afande, huyu hashindani tena. Daktari wa kwao ameweka muhuri. Asikimbizwe, asiwekwe juani, akae kwa utulivu siku zake zote. Mimi siku ile sikusoma vizuri. Kosa ni la kwangu, si la Sajini. Na mimi nafikiri, afande, mtu aliyestaafu hapigi gwaride. Anakaa na wakubwa, anatazama wengine wakipiga."

Nilimwona Kapteni mkono unashuka kwenye mkanda, unabaki pale. Mugisho alikuwa amefumba macho. Kitu pekee kilichosikika katika kiwanja kile ni hrrr, hrrr.

Mkubwa ndiye aliyecheka. Alikuwa mtu mnene, shingo fupi, macho yamemtoka, na naapa mbele ya Mungu, naye alikuwa anapumua kwa sauti. "Asuman," akasema, "hii mzee iko na haki. Leta kiti."

Wakaleta kiti. Sajini akakalishwa kivulini katikati ya maofisa, askari akaleta barafu kutoka kwenye vinywaji, wakamwekea chini ya tumbo. Ulimi ukaanza kurudi rangi yake. Mwamuzi mzee alipomaliza kazi alipita pale, akaminya masikio ya mbwa, akatazama pua, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema masikio ni mazuri sana. Kapteni akaitikia kama vile masikio ni yake.

Lakini wakati wa kuondoka alikuja peke yake kwenye seng'enge, Mugisho yupo na mimi nipo, na hakuwa akitabasamu.

"Umenidanganya ile siku ya kwanza."

"Ndiyo, afande."

"Amestaafu, sawa. Pensheni yake iko kwako. Yeye nalala kwako, nakula kwako. Mimi nitapita. Siku mimi napita, nakuta mbwa hakuna…" Hakumaliza. Hakukuwa na kamba ya nguo ya kutazama, akatazama shingo yenyewe.

Basi tulidhani Mugisho ameokoka, kumbe amepewa kifungo. Kapteni alipita mwezi ule, akapita mwezi uliofuata, jeep haizimwi, anachungulia tu: mbwa yupo? Yupo. Nyama hakuleta tena. Mwaka wa sabini na sita Mugisho alipata habari kwamba mama yake amefariki Bukavu. Alifunga mzigo. Akamtazama Sajini. Siku tatu ndani ya basi, vumbi na joto, yule asingefika hata Mbarara. Kumwacha, nani angempulizia? Nilisema, "Papa Anselme, nenda, mimi nitapuliza." Nikajaribu mbele yake, maji yakatoka kama ndoo iliyomwagwa, mbwa akapiga chafya. Akafungua mzigo. Alimlilia mama yake nyuma ya meza ya pasi, siku mbili, na saa sita zote mbili aliinuka akapuliza.

Mwaka uliofuata jeep haikuja. Wengine walisema Kapteni amehamishwa, wengine walisema watu walimjia yeye mwenyewe kwa gari, kama alivyowajia wenzake. Hakuna aliyeuliza. Mugisho hakuweza kujua kama anasubiriwa au amesahauliwa, na kutokujua huko kulimla kuliko vitisho. Injini yoyote ikinguruma barabarani, alikuwa ameshafika chini ya meza, mkono juu ya kifua cha mbwa, anahesabu.

Ilikuja Aprili ya sabini na tisa, na vita vya kuwaondoa askari. Mizinga ililia upande wa Mpigi, tukalala chini ya vitanda, vyumba sita, na mbwa alikoroma kuishinda mizinga, sitaki ubishi juu ya hilo. Asubuhi moja watu wakaanza kutoka mmoja mmoja, halafu kwa makundi, wanaimba. Askari wamekimbia. Barabarani kulikuwa na sare zimetupwa, mashati ya khaki matupu yamelala mtaroni na kola zake. Moja nilitambua kola yake: wima, ya Kapteni. Sikumwambia mtu.

Nilirudi mbio. Ilikuwa saa sita, jua limesimama. Mugisho alikuwa uani, amepiga magoti kwenye kivuli cha meza. Sajini alikuwa mzee sasa, uso umejaa mvi, jicho moja limefanya ukungu.

"Papa Anselme!" nikapiga kelele. "Wamekwenda! Wote wamekwenda! Hakuna atakayekuja kuuliza tena. Mwache huyo mbwa, baba, pumzika! Unanisikia?"

Alinitazama. Nyusi zikapanda. Kujibu hakuweza: mashavu yote mawili yalikuwa yamejaa maji.